Ukurasa wa Kwanza ni Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Mwenyekiti amepita kazini kwangu na habari nzito. Chama chetu cha Wasikilizaji kitatoa kijitabu. Albamu ishirini za roki mbadala, nyingi za bendi huru zisizo na kampuni kubwa nyuma yao, kila moja na ukurasa wake, kila ukurasa na jina la mwanachama aliyeipendekeza. Nakala mia mbili. Zitachapwa hapahapa kiwandani, na prufu, zile nakala za majaribio, nitazisahihisha mimi. Huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa kwenye meza hii. Kadi za harusi, kalenda, risala za maziko. Sasa hatimaye kitu cha maana.

Ukurasa wa kwanza, kasema Mwenyekiti, ni wa albamu ambayo mtu asiyejua pa kuanzia aanze nayo.

Hakuna la kujadili. Ni *Jumapili Mbili* ya Taa za Ghorofani. Watu wanne walioingia kwenye ukumbi mtupu wa shule, wakarekodi nyimbo kumi na moja kwa Jumapili mbili, kisha wakaachana na muziki kabisa. Wimbo wa kwanza unaanza na kiti kinacholia kabla gitaa halijagusika. Nakijua kiti kile kuliko ninavyowajua baadhi ya shemeji zangu.

Nimeandika pendekezo langu wakati wa chakula cha mchana. Nimelisoma mara nne. Sikuona cha kusahihisha.

Jioni nimemweleza mke wangu. Yeye ni karani wa mahakama, amezoea kusikiliza watu wakijieleza. Akauliza kama kuna mwingine anayeitaka albamu hiyo. Nikasema hakuna mwenye masikio ya kutosha. Akauliza tena, taratibu, kama Daktari anajua habari za kijitabu.

Sikulifikiria hilo.

Jumanne, 4 Machi

Nimetoka kazini nusu saa mapema kwa kisingizio cha jino. Nimekwenda moja kwa moja kwa Mwenyekiti. Ni fundi mitambo mstaafu wa redio, nyumba yake ina spika nyingi kuliko viti. Nikakaa juu ya spika. Mezani kulikuwa na bahasha ya kijani. Bahasha za kijani hutumiwa na mtu mmoja tu katika mji huu.

Daktari alikuwa amekuja saa sita. Albamu ileile. Ukurasa uleule.

Niweke mambo wazi, kwa kuwa shajara haina haja ya adabu. Daktari ni daktari wa meno. Zamani, chuoni, tulimwita Sindano, kwa wembamba wake. Tuliishi chumba namba kumi na mbili, watu watatu: mimi, Sindano, na Ngazi. Ngazi tulimwita hivyo kwa sababu alibadilisha balbu bila kupanda juu ya kitu. Redio kaseti ilikuwa yake, yenye spika moja nzima na nyingine inayokohoa. Kila Jumapili mchana tulifua, tukaanika mashati kwenye kamba ndani ya chumba, maji yakadondoka kwenye saruji, na Ngazi akaweka *Jumapili Mbili*. Tulilala chali, kila mtu kitandani kwake, mashati yakining'inia juu yetu kama watu wa nne na wa tano. Hakuna aliyesema kitu mpaka upande A uishe. Nikifumba macho nasikia bado ile sabuni ya mche puani.

Tangu hapo, miaka ishirini na saba, mimi na Sindano tunabishana nani kati yetu aliigundua kanda ile. Yeye anadai aliiona kwenye rundo sokoni. Mimi nasema niliisikia kwanza kupitia ukutani, chumba cha jirani, nikauliza ni nini. Ngazi angeweza kutuamulia, ila Ngazi amefariki, mwaka wa kumi na moja huu.

Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nyinyi wawili mna watoto wakubwa." Akasema Jumamosi wanachama watapiga kura, kila mmoja wetu aje na hoja yake.

Hoja ninayo. Kinachotakiwa ni ushahidi.

Alhamisi, 6 Machi

Ushahidi ni kanda yenyewe. Atakayeingia mkutanoni na kanda ya Ngazi mkononi hana haja ya kusema neno. Wazo hili lilinijia nikisahihisha mwaliko wa mahafali, nikaruhusu "mahafari" ipite.

Vitu vya Ngazi viko kwa dada yake. Sisi wote tulimwita Dada Mkubwa, hata tulipokuwa tumemzidi urefu. Ana bustani ya miche nyuma ya kituo cha zimamoto. Nimemkuta ameinama anahamisha miche ya mipapai kwenye vifuko vyeusi. Amezeeka. Mimi pia, nadhani, maana alinitazama muda kabla ya kusema jina langu la chuoni, ambalo silitaji humu.

Nikajizungusha. Nikauliza afya, nikauliza mvua, nikasifu mipapai. Akanikatiza. Akasema kama nimefuata kanda, mwenzangu kaja jana.

Nikaacha kusifu mipapai.

"Nimempa kasha lake," akasema. "Lile la plastiki, lenye maandishi ya mdogo wangu."

"Na kanda?"

"Kanda imo ndani ya redio. Kasha lilikuwa tupu."

"Hakufungua kuangalia?"

"Alikuwa analia, mwanangu. Mtu anayelia hafungui makasha."

Akaingia ndani, akarudi na kanda, ameifunga kwenye kitambaa cha jikoni. Nikaipokea kwa mikono miwili. Utepe bado mzuri. Pembeni kuna alama ya kalamu niliyoitia mimi mwenyewe, siku niliyorudisha utepe ulionaswa kwa kuuzungusha na penseli.

Hapo ningeaga. Lakini nikataka hitimisho. Nikamwambia Dada Mkubwa kwamba yeye ni shahidi, kwamba Ngazi lazima alimsimulia nani kati yetu aliileta kanda ile chumbani, kwa kuwa Ngazi aliipenda mno albamu ile.

Akacheka. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Aliipenda wapi. Mdogo wangu alipenda kwaya. Ile kanda alikuwa hawezi kuivumilia, anasema wale watu wanaimba kama wamelazimishwa. Aliinunua mwenyewe, kwa kubahatisha, akataka kuifuta arekodi kwaya juu yake."

Nikamuuliza kwa nini basi aliipiga kila Jumapili, mwaka mzima.

"Kwa ajili yenu. Mlikuwa mnagombana kutwa. Nani kachukua ndoo, nani kavaa soksi za nani. Alisema ndiyo kanda pekee inayowanyamazisha nyote wawili kwa wakati mmoja. Basi analala pale anawaangalia. Alikuwa anapenda ule utulivu."

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Ni mbali. Mwaka mzima Ngazi alilala kwenye kitanda cha karibu na dirisha akisikiliza muziki asioupenda, na mimi nikadhani anatikisa mguu kwa raha.

Nimeamua. Jumamosi nitasimama niseme ukurasa ni wa Daktari. Nimemwambia mke wangu. Ameichukua kalenda akaandika tarehe.

Jumamosi, 8 Machi

Nilikuwa na nia njema mpaka saa kumi na dakika ishirini.

Mkutano ulianza vizuri. Tunakutana chumba cha juu cha duka la miwani, tumezungukwa na mabango ya herufi zinazopungua. Wanachama saba, wote wamefika. Kila mmoja alisoma mapendekezo yake na kutupigia wimbo mmoja mmoja. Fundi Cherehani, mama anayeshona sare za shule, alileta bendi ambayo mpiga drams wake yuko nyuma ya wenzake kwa nukta moja daima. Alisema ukikunja pindo za sketi huku unaisikiliza, mkono haukimbii. Mwalimu wa Fizikia alileta albamu yenye wimbo wa dakika ishirini na mbili ambao kwa sehemu kubwa ni mvumo. Alituchorea mvumo huo ubaoni. Mkutubi alileta ya dada mmoja aliyejirekodi bafuni na gitaa lenye nyuzi tano, kwa sababu wa sita ulikatika na hakutaka kungoja. Kwenye wimbo wa tatu bomba linatoa sauti, naye anasita, kisha anaendelea kwa kufuata sauti ya lile bomba. Hiyo ilitunyamazisha wote. Dereva wa gari la wagonjwa alisema hana maelezo, tusikilize tu. Tukasikiliza. Kweli hayakuhitajika.

Saa nyingine nakipenda chama hiki kupita kiasi.

Kisha Daktari akasimama. Akainua kasha tupu. Akaonyesha mwandiko wa Ngazi. Akasema, kwa ile sauti anayotumia kumwambia mtu hataumia, kwamba kanda hii aliiona yeye kwanza.

Mkono wangu ulitangulia mfukoni bila kuniuliza. Nikaiweka kanda mezani. Nikasema kuna watu wana makasha na kuna watu wana muziki. Nikasema mengine pia. Nikataja soksi.

Alichojibu sitakiandika. Alisema kuna watu husahihisha ya wenzao kwa kuwa hawana ya kwao.

Dada Mkubwa na habari zake zote za kwaya zilinitoka kichwani kama maji ya kufulia.

Kura zikapigwa na wale watano. Watatu kwa Daktari, wawili kwangu. Fundi Cherehani alimpigia yeye kwa sababu aliwahi kumng'oa gego bila maumivu. Mwalimu wa Fizikia kwa sababu miaka sita iliyopita nilimrekebishia sarufi kwenye kadi ya harusi ya mpwa wake, mbele ya mpwa. Mkutubi hakutoa sababu. Mkutubi ndiye aliyeniuma.

Jumatatu, 10 Machi

Miswada imefika mezani kwangu, wa Daktari ndani ya bahasha yake ya kijani. Kijitabu kizima kiko chini ya mikono yangu. Ukurasa wa kwanza, *Jumapili Mbili*, na chini yake jina la Daktari. Ukurasa wa kumi na nne, pendekezo langu la kujifariji: *Bustani ya Chuma*, albamu ya watu wawili wenye hasira, niliyoiandikia kwa dakika kumi Jumamosi usiku, roho ikiwa imechafuka.

Nimesoma aya ya kwanza ya Daktari. Tarehe ya kurekodiwa, urefu wa kila upande, aina ya maikrofoni. Kavu kama pamba ya mdomoni. Nikaacha hapo. Ningeendelea ningeumwa.

Jumatano, 12 Machi

Leo mashine inaanza. Nimelifanya.

Si uhalifu. Kiwandani tunaita majina yaliyoruka. Hutokea. Jina la ukurasa wa kumi na nne likapanda ukurasa wa kwanza, la ukurasa wa kwanza likateremka kumi na nne. Maneno yake sikuyagusa hata koma, mimi ni mtu wa miiko. Wakiuliza, nitashika kichwa na kusema mitambo imechakaa. Nitajitolea kuchapa karatasi ya marekebisho, ambayo itapotea.

Ukurasa wa kwanza umetoka na jina langu kwa herufi nzito. Mwendesha mashine ameniuliza mbona natabasamu. Nikasema ni harufu ya wino.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeleta nakala moja nyumbani nikaiacha mezani kwa bahati mbaya, ukurasa wa kwanza juu. Mke wangu akaichukua. Nikajifanya natafuta chumvi.

Akasoma kimya. Akasoma tena. Kisha akasema hakujua kuwa ninaweza kuandika maneno kama yale.

Nikasema ah, ni kawaida tu.

Akasema, "Hapana. Kumsifu Daktari hivi, mbele ya watu. Nimekuonea fahari."

Nikamnyang'anya kijitabu. Aya ya tatu. Aya ambayo mimi, msahihishaji wa miaka kumi na tisa, sikuisoma. Nainakili hapa ili nijiadhibu:

"Watu hudhani niliigundua albamu hii. Nimekuwa nikisema hivyo, na si kweli. Tulikuwa watatu chumbani na mwenye masikio hakuwa mimi. Alikuwa mwenzangu aliyebaki hai, ambaye bado ni mbishi. Ni yeye aliyenionyesha kwamba kwenye wimbo wa nne besi inachelewa kwa makusudi, kama mtu anayesita mlangoni. Kwa miaka ishirini na saba nimewaambia watu maneno hayo kama yangu. Nilidai ukurasa huu kwa ubishi tu. Kama una mwenye haki, ni yeye."

Maneno ya besi ni yangu. Niliyasema nikiwa na miaka ishirini na mbili, shati lenye maji likinidondokea shingoni. Ameyahifadhi muda wote huo. Akaniandikia hayo, akanipa ukurasa kwa mkono wake mwenyewe, nami nikaling'oa jina lake na kuweka langu. Sasa chini ya jina langu, kwa nakala mia mbili, ninakiri kwamba mwenye masikio ni yeye.

Mke wangu ameuliza mbona nimekaa sakafuni.

Jumamosi, 15 Machi

Uzinduzi. Chumba cha juu cha duka la miwani, viti vya kuazima, watu thelathini hivi. Nilikuwa nimepanga kuumwa. Mke wangu alinishika mkono hadi mlangoni.

Mwenyekiti akafungua kijitabu, akaona jina, akaondoa miwani, akairudisha. Wanachama wakatazamana. Nikaanza, mitambo imechakaa, nikasema. Daktari akasimama.

Alikuwa amekisoma. Nililiona hilo usoni. Alinitazama muda mrefu, jinsi anavyotazama picha ya jino kabla ya kuamua.

"Ndugu zangu," akasema, "mwenzangu alishindwa kura. Nikamwachia ukurasa, kwa siri. Sikutegemea aandike haya. Kwa miaka mingi nimengoja asikie mtu akisema mimi ndiye mwenye masikio. Sikujua atalisema yeye."

Akaja akanikumbatia. Watu wakapiga makofi. Fundi Cherehani alifuta macho kwa utepe wa kupimia. Mkutubi alinipa mkono wake akasema sasa anajuta kura yake. Sikioni mwangu, kwa sauti ndogo, Daktari akasema nikijaribu kueleza, ataeleza vizuri zaidi.

Nimeitikia pongezi kwa muda wa saa mbili. Sijawahi kusifiwa hivyo, wala kuumia hivyo. Nilitamani Ngazi awepo, angelala chali akituangalia.

Jumapili, 16 Machi

Mchana Daktari amekuja nyumbani. Hajaingia humu tangu tulipogombana kuhusu redio ya gari. Alileta kasha. Alikaa akaliweka mezani. Mimi nikaleta kanda. Nikaitia ndani ya kasha. Ikaingia, mlio ule mdogo wa plastiki, tukashtuka wote.

Nikamuuliza kwa nini aliandika vile halafu akasimama Jumamosi ile kudai vingine. Akasema alikwisha kuandika kabla ya kura. Akaja na nia ya kukiri. Kisha akaniona usoni nilivyokaa, tayari kushinda, na mdomo ukamponyoka.

Nikamwambia yaliyonipata mimi. Kuhusu kwaya, na Ngazi, na ule utulivu.  Akauliza kwa nini Dada Mkubwa hakumwambia yeye. Nikasema alikuwa analia. Akasema hiyo ni kweli.

Tukaipiga. Deki yangu ni ya zamani, imo kwenye kabati la nguo za baridi, nikaitoa. Kiti kikalia. Gitaa likaja. Mke wangu alipita na kapu la nguo, akaanika nje, hakutuuliza kitu. Kwenye wimbo wa nne besi ikasita mlangoni. Daktari akainua kidole. Mimi nikainua changu. Upande A ulipoisha hatukugeuza mara moja.

Kanda tutairudisha kwa Dada Mkubwa, tumekubaliana, twende pamoja. Dada Mkubwa ameomba pia tumchapie vibandiko vya miche yake.

Jumanne, 18 Machi

Mwenyekiti ameomba mapendekezo ya jina la Mtunza Kumbukumbu wa Chama, cheo kipya, chenye ufunguo wake. Kila mwanachama aandike barua amtaje anayefaa, bila kujitaja.

Sheria ni nzuri. Inatoa nafasi kwa watu wanyenyekevu.

Nimeshaandika barua tatu. Mbili zinanitaja mimi: moja inadai imetoka kwa msikilizaji wa mji jirani, ambaye mtindo wake ni mzito, na hodari kwa nukta na koma. Ya pili ni ya mtoto wa shule, ina makosa mawili niliyoyapanga kwa uangalifu. Ya tatu inamsifu Daktari, kwa namna ambayo msomaji makini ataona anasifiwa kwa haraka mno na mtu asiyemjua vizuri. Zote nimezichapa kiwandani wakati wa mapumziko, kwa wino wa rangi tofauti.

Mke wangu ameniuliza naandika nini. Nikasema shajara. Akasema basi niandike na hili: Daktari amepiga simu asubuhi kuuliza kama kiwandani kwetu kuna wino wa kijani, ana barua tatu za kuchapa.